Picha ile ya kijana na msumeno wa pembe imenikosesha usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua mnazochapisha huwa fupi, na hii si fupi. Ukilazimika kuipunguza, punguza salamu na maneno yangu mengine, lakini vipimo viache vilivyo, maana ndivyo vilivyonikalisha chini kuandika.

Juzi mlitoa habari ya vijana walioanzisha karakana yao ya useremala. Habari yenyewe niliifurahia, na nawatakia vijana hao kazi tele. Kilichonishtua ni picha. Kijana amesimama mbele ya msumeno wa pembe, ile mashine ya umeme ambayo bledi yake ya duara inakaa juu ya meza na kushushwa kwa mpini, tunayoitumia kukatia kona za fremu. Anamtazama mpiga picha, anatabasamu. Mimi nilitazama mikono yake.

Mkono wa kulia umeshika mpini. Wa kushoto umevaa glovu nene, umepita mbele ya bledi na kwenda kushika mbao upande wa kulia, hivyo mikono imepishana. Kava ya plastiki inayopaswa kuifunika bledi imeinuliwa na kufungwa kwa waya isishuke. Mbao imepinda, na kati yake na kiegemeo cha nyuma, ule ukuta mfupi wa mashine ambao mbao huegemezwa, pana upenyo wa kupitisha kidole. Mashine yenyewe imewekwa tu juu ya meza, matundu ya bolti kwenye kitako chake yako wazi. Chini ya picha mmeandika kwamba kijana anaonyesha umahiri wake.

Simlaumu kijana, wala simlaumu mwandishi wenu. Nina miaka 26 katika useremala, na katika miaka 8 ya mwanzo mtu angeweza kunipiga picha kama hiyo siku yoyote. Leo kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto kimepungua pingili moja. Nitaeleza kilivyopungua, kwa sababu watu wakisikia fulani amekatwa na msumeno hudhani alikuwa anacheza au amelewa. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa bidii, na nilikuwa nataka kazi itoke vizuri. Hicho ndicho kilichoniponza.

Nilikuwa naunga fremu ndogo ya kioo. Fremu ina kona nne, na kila kona ina mikato miwili ya digrii 45, kwa hiyo mikato ni minane. Kona tatu nilizibana zikafunga. Ya nne ikakataa, ikaacha mdomo wazi wa milimita 4 hivi. Nikarudi kwenye msumeno kunyoa kidogo. Nikajaribu, bado. Nikarudi tena. Sikujua kwamba msumeno wenyewe ulikuwa umekosea nusu digrii. Nusu digrii huioni kwa macho, lakini mikato minane yenye kosa la nusu ni digrii 4 kamili, na ukishazilazimisha kona tatu za kwanza zifunge, kosa lote linahamia kona ya mwisho. Kwenye mbao ya upana wa sentimita 4, digrii 4 ndizo hizo milimita 4 zilizokuwa zinanisumbua. Ningenyoa mpaka usiku nisingezimaliza.

Safari ya tatu kipande nilichoshika kilikuwa na urefu wa sentimita 14, nacho nilikishika kwa ncha za vidole kwa sababu kiganja kizima hakikupata nafasi. Bledi iligusa pembe ya kipande tu, haikupata mbao ya kutosha kukata, ikakisukuma pembeni. Kipande kikazunguka na vidole vyangu vikakifuata. Ilikuwa jioni na ile ilikuwa kazi ya mwisho ya siku.

Tangu hapo, Mhariri, nashikilia jambo moja, nalo ndilo ninalotaka wasomaji wako walipate: kuupanga msumeno ukate sawasawa na kuvilinda vidole ni kazi moja. Watu wanazitenganisha. Kupanga wanaona ni habari ya uzuri wa kazi, ya mafundi wenye muda. Usalama wanaona ni miwani na bango la ukutani. Lakini msumeno uliokosea unakurudisha kwake mara ya pili na ya tatu, na kila ukirudi kipande ni kifupi zaidi, mkono uko karibu zaidi na uvumilivu umepungua.

Tena msumeno huu haufundishwi. Msumeno wa meza unatisha, kwa hiyo mwanafunzi anawekwa kando wiki nzima akitazama. Patasi inafundishwa, randa inafundishwa. Msumeno wa pembe una sura ya upole. Bledi iko juu, mbao imelala, unavuta mpini chini, kazi imekwisha. Kijana anaonyeshwa swichi iko wapi na anaachiwa. Basi tupige hesabu. Bledi ya milimita 254 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, jino lake linapita mita 66 katika sekunde moja, yaani karibu kilomita 240 kwa saa. Hakuna binadamu wa kuwahi kuvuta mkono hapo. Chochote utakachoamua kwa ajili ya vidole vyako, uwe umekwisha kukiamua kabla ya kugusa swichi.

Nina vijana watatu ninaowafundisha. Asubuhi yao ya kwanza na mashine hii plagi iko nje ya soketi, imelala juu ya meza mahali ambapo kila mtu anaiona. Hawakati kitu. Tunaanza na bolti nne za kwenye kitako. Kichwa cha msumeno ni kizito, na kikiinuka au kikivutwa kwenye reli, uzito wote unahama. Mashine isiyofungwa inainua miguu ya mbele au inateleza wakati bledi bado inazunguka. Baada ya hapo tunatengeneza viegesho vya mbao ndefu, kulia na kushoto, vyenye kimo sawasawa na meza ya msumeno. Mbao ya mita 3 isiyo na kiegesho inaning'inia, inataka kuinuka upande wa pili, na fundi anaanza kuikandamiza kwa nguvu karibu na bledi. Tunaweka kipande cha mbao iliyonyooka juu ya meza na viegesho vyote kwa pamoja. Kikicheza, kimo hakijakaa.

Kisha bledi. Kabla ya kuifunga tunasoma namba: mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye bledi isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye mashine. Mshale wa bledi ufuate mshale wa kava. Meno ya mbele yanashuka, ya chini yanakwenda nyuma kuelekea kwenye kiegemeo, ndiyo maana mbao inasukumwa huko na si tumboni mwako. Bolti inayoshika bledi kwenye mashine nyingi inafunguka kwa kuzungushwa kwa mwelekeo wa saa, kinyume cha bolti za kawaida, ili mzunguko wa bledi usije ukailegeza. Nimeona watu wenye nguvu wakivunja vichwa vya bolti kwa kutokujua hilo.

Meno nayo yana maana yake. Bledi ya kupasulia mbao kwa urefu ina meno machache, kama 24, makubwa na yameinamia mbele. Ukiifunga kwenye msumeno wa pembe inaing'ata mbao na kujivuta juu yake. Kwa kazi yetu ya kukata kwa kuvuka nyuzi za mbao, bledi ya milimita 254 yenye meno 60 inafaa kwa mambo mengi, na meno 80 kwa fremu na mapambo. Jino liwe limesimama au limeinama kidogo nyuma, hasa kwa mashine za reli, zile ambazo kichwa chake huvutwa mbele na nyuma. Na tafadhali, mtu asifunge diski ya kukatia chuma kwenye mashine ya mbao. Kava haikutengenezwa kwa diski inayopasuka, na ndani mwake umejaa unga wa mbao unaosubiri cheche.

Sasa nifike kwenye skwea, kile kifaa cha kupimia pembe ya digrii 90, mahali ambapo mimi nakaa muda mrefu kuliko mafundi wengi ninaowajua. Ninaweka meza ya msumeno kwenye sifuri, yaani mkato ulionyooka bila pembe, nashusha kichwa na kukifunga kwa pini, halafu naegemeza skwea kwenye kiegemeo na kuisogeza mpaka iguse bledi. Iguse bati la bledi katikati ya jino na jino. Jino ni nene kuliko bati, na skwea ikikaa juu ya jino unapima uongo. Nikiona mwanga kati ya skwea na bledi, nalegeza bolti za kiegemeo, nakisogeza, nafunga tena, napima tena, kwa sababu kufunga bolti peke yake huwa kunakihamisha. Pale ambapo kiegemeo hakisogei, mara nyingi bamba la digrii ndilo lenye skrubu za kulegeza. Halafu nasimamisha skwea juu ya meza kupima kama bledi imesimama wima, maana kichwa nacho kinalala upande, na kina skrubu zake za kukizuia. Mshale unaoonyesha digrii naurekebisha mwisho kabisa. Watu wengi wanaanza na mshale na kuuamini. Mshale unaonyesha tu kile ambacho mtu aliuambia uonyeshe.

Skwea haitoshi lakini. Jaribio ninalolipenda ni la kupindua, na hili hufanyika baada ya vijana kujua kukata. Chukua mbao pana ambayo kingo zake mbili zinalingana, ikate katikati kwa sifuri. Kipande kimoja kiache, kingine kipindue, uso wa juu uwe chini, kisha vyote viwili vibane kwenye kiegemeo na uviunganishe pale ulipokata. Kama msumeno uko sawa, vinafunga kabisa. Kama umekosea, unaona mwanya wenye umbo la kabari, na mwanya huo ni kosa mara mbili, kwa hiyo hata kosa dogo linajitokeza. Wakati wa ile fremu ya kioo sikulijua jaribio hili. Lingenichukua dakika tano.

Vijana huniuliza kwa nini nalirudia kila Jumatatu wakati mashine haijaguswa tangu Jumamosi. Nalirudia kwa sababu mtu ameibeba, ameiangusha kidogo, mbao nzito imegonga kiegemeo. Na zile ngazi za kusimamisha meza kwenye digrii 15, 22.5, 30 na 45 zinajaa unga wa mbao, meza inasimama pembeni kidogo mwa alama na wewe unasikia mlio wa kuingia mahali pake, unaridhika. Brashi ndogo inaondoa tatizo hilo.

Nirudi kwenye waya wa kwenye picha. Ninajua kwa nini kava inafungwa. Plastiki imejaa vumbi na utomvu, fundi haoni mstari wake, anaipandisha na kuifunga ili aone. Sababu ni ya kweli, dawa ndiyo mbaya. Kava isafishwe kwa kitambaa na maji ya sabuni, plagi ikiwa nje, na ijaribiwe: ukishusha kichwa ipande yenyewe, ukikiinua irudi yenyewe hadi mwisho bila kukwama. Ikikwama ni springi au ni uchafu, na vyote viwili vinatengenezeka. Kuhusu mstari, usiutafute bledi ikizunguka. Shusha bledi bila kuwasha mpaka jino liguse alama, sogeza mbao, inua, ndipo uwashe. Mashine nyingine zina taa ya leza. Inasaidia ikiwa imepangwa, nayo inapimwa kwa kukata kipande kisicho na kazi na kulinganisha. Na kumbuka bledi ina unene. Ikate upande wa kipande unachokitupa, mstari wako ubaki.

Upenyo ule kati ya mbao na kiegemeo ndio ulioniogopesha kuliko vyote, kwa sababu ndio usioonekana kuwa hatari. Mbao iliyopinda ina mgongo na ina tumbo. Mgongo ndio ukae kwenye kiegemeo, uguse pale pale bledi inapopita. Ukigeuza, tumbo likaangalia nyuma, panabaki pengo, na bledi inaposhuka inaisukuma mbao ndani ya pengo hilo. Njia iliyokatwa inajifunga na kuibana bledi. Hapo mashine inarusha, kwa kishindo ambacho ukishakisikia mara moja hukisahau. Mbao iliyojipinda kwa kuzunguka, ambayo hailali juu ya meza hata uigeuze vipi, usiikate hapa. Irande kwanza upate uso mmoja ulionyooka.

Mikono je? Kwenye meza ya msumeno wangu nimepaka rangi nyekundu, mistari miwili, kila mmoja sentimita 15 kutoka bledi. Ndani ya mistari hiyo mkono hauingii, wa kwangu wala wa mwanafunzi, hata kwa mkato mmoja wa haraka. Mashine ikilala kwenye digrii 45 bledi inasogea upande, basi na mkono usogee. Mkono haupiti mbele ya bledi kwenda upande wa pili. Kama upande wa kulia unahitaji kushikwa, shusha mpini kwa mkono wa kushoto na ushike kwa wa kulia, au bora zaidi tumia klampu, kibanio cha kukaza mbao kwenye meza. Mashine nyingi zinakuja na klampu yake, na katika karakana nyingi nilizopita niliikuta kwenye boksi, haijawahi kutolewa.

Kipande ambacho hakifiki nje ya mstari mwekundu hakishikwi kwa mkono. Ukihitaji vipande vifupi, vikate kutoka kwenye mbao ndefu: shika upande mrefu, kifupi kianguke chenyewe. Ikiwa tayari ni kifupi na kinataka kunyolewa, kibane kwa klampu pamoja na kipande kirefu nyuma yake, au kikate kwa mkono. Baba yangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa na kisanduku chake cha kukatia pembe, mbao tatu zilizopigiliwa kama mfereji, zikakatwa mianya ya digrii 45 na 90. Kiko kwenye ukuta wangu mpaka leo, na si pambo. Kila wiki kuna kipande kidogo kinachokatwa humo kwa msumeno wa mkono, taratibu, bila mtu kushika pumzi.

Kosa jingine nalieleza kwa masikitiko kwa sababu aliyeumia ni kijana wangu na aliyeshindwa kumfundisha ni mimi. Nilimpa kazi ya kukata vipande 40 vya sentimita 12, vyote sawa. Kwa akili yake alifunga kizuizi upande wa kushoto, umbali wa sentimita 12 kutoka bledi, akawa anasukuma mbao kutoka kulia mpaka iguse kizuizi na kukata. Unaona kinachotokea: kipande kikikatika kimebanwa kati ya bledi na kizuizi, hakina pa kwenda. Vya mwanzo vilitoka salama. Kimoja kikajipinda kidogo, jino likakishika, kikaruka na kupiga kioo cha miwani yake ya kazi. Kioo kilipata ufa na jicho likabaki. Siku hizi nawafundisha hivi: kizuizi kipime urefu, mbao ibanwe kwa klampu, halafu kizuizi kiondolewe kabla ya kukata, au kiwekwe mbali na bledi kiasi kwamba kati yake na mbao panaingia kijiti cha kupimia ambacho kinatolewa kwanza. Kipande kinachokatika lazima kiwe na nafasi ya kuanguka.

Mkato wenyewe una mwendo wake, na vijana wangu wanausema kwa sauti siku za mwanzo: washa, subiri, shusha, achia, subiri, inua. Unasubiri mara ya kwanza ili bledi ifike kasi yake kamili kabla ya kugusa mbao. Unasubiri mara ya pili bledi ikiwa bado chini, ndani ya mbao, mpaka isimame kabisa. Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanainua bledi inazunguka, na kile kipande kidogo kilichobaki pembeni kinaguswa na meno ya nyuma na kurushwa. Ni sekunde chache tu. Zihesabu.

Kwa msumeno wa reli mpangilio ni mwingine kidogo. Vuta kichwa kije kwako kikiwa kimezimwa, washa, shusha, kisha sukuma kwenda mbali nawe. Usikate huku ukivuta. Meno ya chini yanakimbilia nyuma, na ukiyavuta kuja mbele bledi inapanda juu ya mbao na kichwa kizima kinakujia kabla hujaweza kukizuia.

Glovu nazitaja kwa ufupi kwa sababu watu huvaa kwa nia njema. Karibu na bledi inayozunguka kitambaa kinashikwa na kuuvuta mkono wote, ambapo ngozi tupu pengine ingechanwa tu. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati iliyolegea, bangili, kamba za shingoni, nywele ndefu zisizofungwa. Vya kuvaa ni miwani ya kazi na vikinga masikio, maana kelele ya mashine hii inaweza kuvuka desibeli 100 na masikio hayaponi. Vumbi pia. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mfuko mdogo wa nyuma ya mashine haushiki vumbi lote. Unganisha mashine ya kunyonya, fungua milango, vaa barakoa ya vumbi, na jioni usifagie kwa kurusha.

Na kwa kuwa siku yangu ilipofika hakuna aliyejua la kufanya, niandike na hili. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Kipande cha kidole kikipatikana, kizungushie kitambaa safi kilicholowa kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kipande kisiguse barafu yenyewe wala kisizamishwe kwenye maji. Nenda hospitali wakati huo huo, usisubiri kuona kama damu itakata.

Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza, mkichapisha tena habari ya karakana, muulizeni fundi mzoefu aitazame picha kabla haijatoka. Wanaojifunza wanaamini gazeti, na picha yenu itabandikwa mahali fulani na kuigwa. La pili ni kwa wenye karakana: mpeni kila kijana mpya asubuhi nzima na mashine hii ikiwa haina umeme. Kazi itachelewa nusu siku. Mimi nilikaa nyumbani wiki sita, na kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto ilinibidi nijifunze upya.

Na wewe kijana wa kwenye picha, kama gazeti limekufikia: chomoa plagi, kata ule waya, isafishe kava na utazame kama inarudi yenyewe. Kisha tafuta bolti nne.

Ni mimi, msomaji wako wa siku nyingi,
Mama Seremala